Rashasha Juu ya Jiko la Mama

Mama alipika chini ya bunduki kwa majuma mengi na hakuna hata siku moja aliyozipenda. Alizipanga mwenyewe kwenye dari la fito, juu ya mafiga, mahali ambapo tangu enzi za bibi yetu mipini ya majembe iliwekwa ikauke kwa moshi. Kila alipoinua mkono kuchukua chumvi alizitupia jicho la mtu aliyechoshwa na mgeni asiyeaga.

"Hizi zikiniangukia kwenye sufuria," alisema, "mtakula risasi zenu, mimi sitapika tena."

Zilikuwa bunduki za mbao. Nalisema mapema kwa sababu wapo watu walioziona na hawakulijua hilo, na nusura kaka yangu alipe kwa roho yake.

Mimi ndiye niliyezichora. Nilikuwa mchoraji wa ramani za vipuri katika kiwanda kimoja cha umma mjini Arusha, mwanamke peke yangu katika chumba cha wanaume waliovuta sigara na kunitania kwamba nitaolewa na rula. Halafu ikaja miaka ile ya ruksa. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikafika hadi vijijini, mabasi ya watu binafsi yakashindana barabarani, na viwanda vikaanza kutafutiwa wanunuzi. Unga wetu ukamwagika. Nikarudi nyumbani kijijini Akheri na ubao wangu wa kuchorea kichwani, kama mama mwingine anavyotoka sokoni na kapu tupu, na sikuwa na raha ya kusalimiana na mtu yeyote njiani.

Nyumbani kulikuwa na mama na kaka yangu mkubwa, seremala. Baba alishafariki. Kaka alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kupasua magogo huko juu mlimani, na misumeno ikamla masikio. Sauti ya mtu hakuisikia tena, labda ngurumo. Aliongea kwa kupiga kelele kama watu wote wasiosikia sauti zao wenyewe, alisoma midomo ya wale aliowazoea, na jambo likiwa refu tulimwandikia kwa mkaa juu ya kipande cha ubao. Akishasoma, alilifuta kwa randa. Maneno mengi ya nyumba yetu yaliishia kwenye maranda.

Kazi ya bunduki ililetwa na mwalimu wa mgambo, sajini mstaafu mwenye tumbo dogo na sauti kubwa. Vijana wake walifanya mazoezi wakiwa wamebeba magongo, na yeye alikuwa amechoka kuona magongo. Alitaka kitu kinachofanana na bunduki, chenye uzito wa bunduki, na tena alitaka aina mbili: bunduki ya kawaida ya askari na rashasha yenye miguu, ile inayolazwa chini. Lakini mbao zilikuwa ghali na kata haikuwa na uwezo wa kuagiza aina zote mbili kwa kila kijana.

"Tupatie ya kweli tuipime," nilimwambia.

"Dada, unataka nifungwe?" alijibu. "Wewe chora. Mimi nitakueleza."

Akanieleza kwa mikono, jioni tatu, akiwa amekaa kwenye gogo uani. Kwa hiyo nilichora bunduki isiyokuwepo popote duniani. Haikuwa ya Warusi wala ya Wachina wala ya nani. Ilikuwa yangu. Nilichora kiwiliwili kimoja cha mgrevilea, halafu viungo vya kukivalisha: mtutu mfupi na kitako chepesi, ikawa bunduki ya askari, ukitoa hivyo na kuweka mtutu mrefu mzito wa mti mgumu wa loliondo, miguu miwili ya mbele na sanduku la risasi ubavuni, ikawa rashasha. Kulikuwa na mtutu wa tatu, mfupi kabisa, kwa walinzi wa lango. Kila kiungo kiliingia kwa ulimi na kukazwa kwa kabari, kama tulivyokuwa tukifunga miguu ya vitanda. Vyote viliingiliana. Mtutu wa huyu ulikaa kwenye kiwiliwili cha yule bila kukwaruzana. Kule kiwandani sikuwahi kupewa kazi ya kubuni kitu, nilichora tu vilivyobuniwa na wengine, na nakiri nililala usingizi mtamu majuma yale. Kwenye karatasi nilizipa jina: Ukoo.

Kaka alizichonga, na mbao zikiwa bado mbichi tukazipandisha darini kwa mama kama tulivyopandisha kila kitu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka bila sisi kujua. Moshi wa kuni unafanya jambo moja kwa mpini wa jembe: unaufanya mweusi, mgumu na wenye kung'aa, kiasi kwamba ukiupitishia mafuta kidogo unaweza kujitazamia. Kwa mpini ni jambo zuri. Kwa bunduki ilikuwa balaa. Siku kaka alipoteremsha ile ya kwanza na kuipangusa, nilirudi nyuma hatua mbili, mimi niliyejua kila milimita yake.

Mwalimu wa mgambo alifurahi mno. Akamfundisha kaka namna ya kuionyesha: kusimama wima, kupiga saluti, kuchomoa kabari, kutoa mtutu mfupi, kuingiza mrefu, kukunjua miguu, kuitega chini mdomo ukiwatazama wageni, na mwisho kulala nyuma yake. Alisema siku moja atakuja asubuhi na gari, pamoja na wakubwa wa wilaya waliovaa sare, na kaka aifanye hiyo hesabu yote haraka, bila kuangalia mikono. Kazi ikipendeza, kata nyingine nazo zitaagiza. Kaka alifanya mazoezi kila siku. Nilimwona nyuma ya karakana, anapiga saluti mbele ya mgomba.

"Na polisi wanajua?" mama alimuuliza mwalimu.

"Nitapita kituoni niwaarifu, mama. Ondoa shaka."

Hakupita.

Msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuja wenyewe vijijini na fedha taslimu kwenye magari, na majambazi nao hawakuwa wajinga. Gari moja lilitekwa kwenye barabara ya kuelekea Kikwe. Watu walisema majambazi walikuwa na silaha nzito. Polisi wakawa kila mahali, wanapekua, na jioni hakuna aliyekaa barazani. Sisi tulifunga milango kama wengine, tukawaogopa majambazi kama wengine, na juu ya jiko letu zikaendelea kukauka bunduki za kutosha kikosi kizima. Mpaka leo sielewi kwa nini akili haikutuambia kitu.

Siku moja mchuuzi wa mitumba aliingia uani akaomba maji. Mama akamwambia apite jikoni kuna kivuli. Nilimwona akiinama mlangoni, akainua macho darini wakati mama anateka maji mtungini, na kikombe hakikumfikia. Aliondoka mbio kupitia kwenye migomba, na robota lake la nguo akaliacha hapo hapo. Tulicheka hadi mama akashika mbavu. Alisema labda moshi umemwingia machoni, atarudi kuchukua nguo zake.

Kesho yake asubuhi lilikuja gari.

Nilikuwa uani napiga msasa mitutu. Ukungu ulikuwa bado haujaachia migomba, na mlima hauonekani kabisa. Nilisikia Land Rover ikizima injini mbali, kule chini kwenye kahawa, na nikashangaa kwa nini wakubwa wa wilaya hawakufika na gari mpaka mlangoni. Kisha nikaona kofia zikipita katikati ya mibuni, zimeinama. Watu wanaokuja kutazama kazi ya seremala hawainami.

"Lala chini! Wewe mama, lala chini! Mikono mbele!"

Nikalala kifudifudi juu ya maranda. Pua yangu ilijaa vumbi la mbao. Niliweza kuona viatu vyao, na nikigeuza shingo kidogo, mlango wa karakana. Kaka alikuwa ndani. Hakusikia gari, hakusikia amri. Nilimwomba Mungu aendelee na randa yake, asigeuke.

Akageuka. Pengine mwanga wa mlangoni ulikatika mtu alipopita. Nilimwona akichungulia, akaona sare, na uso wake wote ukafunguka. Aliwasubiri watu hawa kwa majuma. Alijipangusa shati, akachukua ile bunduki ya mfano iliyokuwa juu ya benchi, akatoka nje, akasimama wima, akapiga saluti.

"Weka silaha chini!"

"Hasikii!" nilipiga kelele. "Ni kiziwi, afande! Ni mbao hizo, ni mbao!"

"Nyamaza wewe! Weka silaha chini, nasema!"

Kaka alikuwa anatabasamu; kulala kwangu chini labda alikuona ni sehemu ya maonyesho. Akachomoa kabari. Wale polisi wakajitupa chini nyuma ya mibuni, na hapo kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia bunduki ya kweli ikikokiwa, halafu nyingine, halafu nyingine. Ni mlio mkavu. Bunduki zangu zote hazikuwa na mlio kama huo.

Alitoa mtutu mfupi, akaubana kwapani. Akaingiza mrefu. Nilisikia ulimi wa loliondo ukiingia mahali pake, ukakaa sawasawa, na katika hofu yangu yote kichwa changu cha mchoraji kikasema: umekaa. Nilijichukia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikasema ni kiziwi, ni seremala, muulizeni mwalimu wa mgambo, ni mbao, ni mbao. Buti likanikandamiza mgongo. Nilijua hesabu yote kwa moyo, na nilijua bado nini. Alikunjua miguu. Akapiga goti, akaitega ile rashasha chini, mdomo ukiwatazama wageni, kama alivyofundishwa. Ilibaki jambo moja tu, kulala nyuma yake.

Mama akatoka jikoni.

Hakukimbia. Alikuwa ameshika bunduki mojawapo kwa kitako, na mtutu wake ulikuwa unawaka. Aliubeba mbele yake kama watu wanavyobeba kijinga cha moto kutoka kwa jirani, mkono mmoja umekinga upepo, moshi unamfuata. Alikata uani katikati, akapita mbele ya kaka, akasimama pale pale, mgongo wake kwa mwanawe na uso wake kwa polisi. Kitenge kilikuwa kimemlegea begani.

Askari aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa kijana mdogo, jicho moja limefumbwa, shavu limelala kwenye bunduki. Nilimwona akifumbua lile jicho. Sijui ni malezi gani yale, lakini akiwa amemlenga mama yangu kifuani, mdomo wake ulisema wenyewe:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Hizi ni kuni." Akamwinulia ule mtutu, na cheche zikaanguka. "Angalia zinavyowaka. Chuma hakiwaki hivi. Ni kuni tu, baba. Njoo ndani uone nyingine, uzihesabu mwenyewe."

Mkubwa wao alisogea taratibu, bastola mkononi. Akaugusa mtutu kwa kiatu, akaona makaa yakidondoka. Kisha akazunguka mpaka kwenye rashasha, akainyakua chini, akaipima kwa mkono na kuigonga kwa kucha. Ikalia kama meza. Akakaa juu ya gogo akavua kofia, jasho linamtiririka kwenye baridi ile.

Wa kwanza kusema alikuwa kaka. Alikuwa bado amepiga goti, anaitazama bunduki inayoungua mkononi mwa mama, na uso wake haukuwa tena na tabasamu.

"Mama!" alinguruma kwa sauti yake ile. "Mama, unafanya nini? Hiyo ni kazi ya watu!" Akamnyang'anya, akaizimisha kwenye maranda kwa mguu, kisha akawageukia polisi kwa heshima. "Mnisamehe, wakubwa. Mama yetu amezeeka. Msimjali."

Yule askari kijana alikuwa amesimama karibu na mama, na nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, kama anayeungama:

"Mama, nilikuwa nasubiri alale tu. Angelala, basi."

Walipekua, wakaandika maelezo, wakachukua bunduki chache za kuonyesha kituoni, kaka akidhani ni mifano ya kuagizia, na mwalimu wa mgambo akaitwa akapewa maneno yake. Siku chache baadaye alikuja kwetu amenyong'onyea, akasema kazi iendelee ila kila mtutu upakwe rangi nyeupe mdomoni. Robota la mitumba polisi walilibeba wao, wamrudishie mchuuzi aliyewapelekea habari. Mambo ya serikali yaliishia hapo.

Ya nyumbani ndiyo kwanza yalianza. Jioni ya siku ile polisi walipokuja nilichukua mkaa nikamwandikie kaka kilichotokea. Mama akanishika mkono jikoni, akanishika kwa nguvu nisizojua kuwa anazo.

"Usimwambie."

"Mama, anakunung'unikia! Anadhani umemharibia kazi!"

"Aninunie. Wewe unasikia, mtu akija nyuma yako unajua. Yeye hasikii. Ukimwambia kwamba watu walimlenga na hakujua, ataishije? Kila mara atageuka kutazama nyuma. Hatashika randa tena. Acha anichukie mimi, mimi nitaweza."

Nikatii, na kutii kule kulinichoma. Kaka alitengeneza bunduki nyingine badala ya ile iliyoungua, akanuna kazi nzima. Aliacha kula jikoni. Alijichemshia chai karakanani kwenye kopo, na mama akipeleka loshoro aliyoipenda tangu utotoni, mahindi na maziwa mgando, sahani ilikaa pale mpaka nzi wakaimaliza. Mama aliichukua bila neno, kesho akapeleka nyingine. Nilikuwa nakaa katikati yao na hasira zimenijaa mpaka kooni, maana nilijua, na kila mlio wa mlango ulinishtua. Nilianza kutembea nyuma ya kaka bila sababu. Alinifukuza, akaniuliza nimekuwa kivuli?

Kisha jumuiya ya sala ikafanyika nyumbani kwetu. Wazee wa usharika walikuwepo na majirani, tumemaliza wimbo wa mwisho, chai inamiminwa. Mmoja akauliza kwa ishara ile kazi ya bunduki imefika wapi. Kaka akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akawasimulia kwa kelele: wakubwa wamekuja, yeye anaonyesha vizuri kabisa, mara mama huyu anatoka na kazi yake inawaka moto. "Mama siku hizi si wa kuachwa peke yake na moto," alisema. "Akili imeanza kuchoka."

Watu wakamgeukia mama kwa huruma. Mzee mmoja akashauri kwa upole kwamba atafutiwe binti wa kumwangalia. Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika birika, na alitikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli," alisema. "Ni uzee, wanangu."

Hapo nilishindwa. Wageni walipoondoka nilimfuata kaka karakanani, nikachukua ubao mpana aliokuwa ameupiga randa asubuhi, nikamwandikia kwa mkaa, herufi kubwa. Walikuwa polisi. Walitafuta majambazi. Walikwambia uweke silaha chini, hukusikia. Walikoki. Mmoja alisema ungelala chini angekupiga. Mama ndiye aliyesimama mbele.

Alisoma. Alisoma tena, kidole kinafuata maneno kama mtoto wa shule. Nilisubiri achukue randa afute, kama tulivyofanya na kila kitu. Hakuichukua. Aliketi juu ya benchi, akaweka mikono magotini, na niliona vidole vyake, vile visivyowahi kukosea kiungo, vikitafuta mahali pa kushika.

"Mama alimsikia?" aliniuliza. Kwa mara ya kwanza tangu masikio yake yafe, alinong'ona. "Huyo aliyesema ningelala. Mama alimsikia?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Alitoka. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Kaka alisimama mbele yake, mwanamume mzima, na kabla hajaketi chini kando yake aligeuka akatazama nyuma, kwenye migomba, upande huu na upande ule. Kisha akaketi, akaingiza mkono kwenye ungo, akaanza kuchambua naye. Mama hakumwangalia. Aliniangalia mimi niliyesimama kwenye mlango wa karakana. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, wala siku ile ya polisi wala siku nyingine yoyote. Sijutii nilichoandika. Lakini mpaka mama anafariki, kaka yangu hakuwahi tena kufanya kazi akiupa mlango mgongo, na mama hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe.